Amepona Kabisa

Kathini, mke wa Muoki, alikuwa mkalimani, na kama wakalimani wote hodari, alijua cha kuacha kuliko alivyojua cha kusema. Katika kanisa lao la mabati pale mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, nyuma ya kiwanda cha sabuni, yeye ndiye aliyesimama jukwaani kando ya kila mhubiri mgeni. Mhubiri akiruka, naye anaruka. Mhubiri akifuta jasho, naye anatoa leso, hata kama hana jasho la kufuta. Akija mtu wa Kiingereza, Kathini anamgeuza Kiswahili. Wakisimama kina mama wazee wa Ukambani kutoa ushuhuda kwa Kikamba, anawageuza vilevile, na mara nyingi ushuhuda ulitoka mtamu kuliko ulivyoingia. Kuna bibi mmoja aliwahi kumshukuru Mungu kwa kuwa mbuzi wake aliyepotea alipatikana. Kathini alipomaliza kukalimani, mbuzi walikuwa watatu na mmoja ana mimba. Hakuna aliyelalamika, wala yule bibi mwenyewe.

Kwa hiyo siku Muoki alipotolewa hospitalini, mwaka ule barakoa zilipokuwa zimeanza kushuka kutoka puani hadi kidevuni, habari zake zilipita mikononi mwa fundi. Daktari kijana alimwita Kathini kando ya kitanda akamwambia, "Mama, mzee wako amepona. Wengi tuliowaweka kwa oksijeni pamoja naye hawakupona. Lakini aende polepole. Huu ugonjwa una mkia. Pumzi itamsumbua, nguvu zitakuja na kuondoka, hata maneno yanaweza kumpotea. Inaweza kuchukua miezi mingi. Asijilazimishe."

Kathini alisikia sentensi ya kwanza. Zilizofuata zilibaki wodini pamoja na shuka. Daktari alisema kupona kama mtu anavyopona ajali ya barabarani, akatoka akiwa hai, hata kama ametoka bila meno. Yeye Kathini akalishika neno kwa maana yake nyingine. Kiswahili chetu kimezipangisha maana hizo mbili katika neno moja, na kwa kawaida zinakaa pamoja bila ugomvi. Kabla hajafika kwenye lango la hospitali alikuwa ameshampigia mchungaji simu.

"Pasta, amepona!"

"Kabisa?"

"Kabisa!"

Tumtetee Mchungaji Kivuva mapema, maana wasomaji wengine wameshaanza kumkunjia uso. Hakuwa tapeli. Muoki alipokuwa na mipira ya oksijeni puani, yeye alifunga kula mpaka mshipi wake ukahitaji tundu jipya, na kina mama wa kanisa wakakesha kwa zamu wakilia jina la Muoki kama mtoto wao wa kuzaa. Watu waliofanya kazi kiasi hicho wana haki ya kuona matunda. Ndani ya wiki moja bango kubwa lilikuwa limetundikwa kwenye ukuta wa kanisa, upande wa barabara: WIKI YA UPONYAJI. KORONA ILISHINDWA! NDUGU MUOKI AMEPONA KABISA. Chini yake palikuwa na picha ya Muoki ameinua mikono yote miwili juu, macho kayafumba, uso umejaa utukufu. Ilipigwa na Kasiva, katibu wa kanisa, alipokwenda kuwasalimia siku ile Muoki aliporudi nyumbani. Ukweli ni kwamba Muoki alikuwa anavishwa sweta. Tiffany, binti yao, alikuwa ameshika ncha ya chini tayari kuivuta, na Kasiva alipokata picha alimkata na Tiffany.

*

Walikaa ghorofa ya tano. Zamani Muoki alipanda ngazi zile na mtungi wa maji kila mkono huku akipiga mluzi. Sasa alifika ghorofa ya tatu akasimama, mkono ukutani, kifua kikipanda na kushuka bila kupata kitu. Hapo kwenye kona ndipo Adoyo, jirani yao, alipokaangia mandazi mlangoni pake, na Kathini hakupenda Adoyo amwone mumewe anahema. Basi alimfundisha hila. Akifika hapo atoe simu aiangalie, kama mtu aliyepata ujumbe wa maana. Muoki alisimama akiangalia simu iliyozimika chaji, jasho likimtiririka, naye Adoyo akaendelea kugeuza mandazi yake.

"Mzee anaendeleaje?" Adoyo aliuliza kila mara, akimtazama Kathini.

"Yuko fiti! Si unamwona?"

Na kweli, kumwona tu, alikuwa fiti. Kathini alikuwa amemlisha uji wa wimbi na supu ya miguu ya ng'ombe mpaka mashavu yakarudi, tena yakaja na wenzao. Hilo ndilo lililomponza. Mtu mgonjwa akikonda watu humpisha kiti. Akinona humpiga bega. Vijana wa pale chini kwenye lango walimshangilia kila alipopita.

"Niaje, mzee wa bango! Umelima Korona, sasa utalima nani?"

"Buda ako rada! Cheki vile amejaza mashavu!"

Muoki alitabasamu, kwa sababu kutabasamu hakuhitaji maneno. Maneno ndiyo yaliyokuwa yamemkimbia. Alikaa mezani akasema, "Niletee ile... ile ya kukoroga," na Tiffany akamletea kijiko bila kusema kitu. Kesho yake ilikuwa "ile ya mlango" badala ya ufunguo. Kiswahili alichozungumza tangu alipokuja Nairobi akiwa kijana kilikuja vipandevipande, kama maji ya mfereji siku ya mgawo. Kikamba cha mamake peke yake ndicho kilichobaki mahali pake. Kwa hiyo nyumbani alizungumza Kikamba, na nje ya mlango alizungumza Kathini.

Hata mamake mzazi alipopiga simu kutoka kwao Mwingi, mwanamke asiyehitaji mkalimani wa Kikamba duniani, Kathini alikuwa ameshaifikia simu.

"Mama, anasema yuko sawa kabisa!"

"Mbona sijamsikia akisema?"

"Amesema kwa kichwa, mama."

Usiku Muoki alilala akitazama dari. Kathini alilala akitazama ukuta. Alikuwa anaogopa, tena sana. Alijua pumzi ya mumewe si pumzi ya mtu mzima, kwa kuwa aliisikia kila alipojigeuza kitandani. Lakini aliamini kwamba jambo likisemwa vizuri mara nyingi kwa sauti ya juu, hatimaye huona haya likawa kweli. Imani hiyo ilikuwa imemfanyia kazi kwa mbuzi.

*

Alhamisi kiwanda kikamwita. Muoki alikuwa mpakiaji wa godauni. Kazi yake ilikuwa kubeba makatoni ya sabuni kutoka kwa mashine hadi kwenye lori, kutwa nzima. Meneja, Bwana Wanyoike, aliwapokea ofisini mwake mwenyewe, na kutoka dirishani mwake lile bango lilionekana lote, na Muoki juu yake akiwa ameinua mikono.

"Karibu, mtu wa bango," akasema Wanyoike. "Kila asubuhi nikifungua pazia unanisalimia. Na Jumapili nitakuja kanisani kwenu, Pasta amenialika. Tunaleta sabuni za kugawia wajane. Sasa niambie, Muoki. Umepona?"

Muoki alifungua kinywa. Alikuwa amejiandaa njia nzima, alikuwa na sentensi nzuri ya Kiswahili imekaa sawa kwenye ulimi, na pale pale ikamtoka. Akamgeukia mkewe, akasema kwa Kikamba, polepole, akitumia mikono.

"Mwambie nikiinama kuinua kitu, sakafu inanijia usoni. Mwambie kifua kinakaza nikipanda ngazi kumi. Mwambie juzi nilifua shati moja nikalala siku mbili. Sitaki kuacha kazi. Nataka kazi ya kukaa, hata getini, mpaka nguvu zirudi. Nikirudi kwa makatoni nitaanguka."

Wanyoike akamtazama Kathini, akingoja.

Kathini alijua jinsi kiwanda kile kilivyowatendea wagonjwa. Uliambiwa, "Nenda nyumbani upumzike, tutakuita," na ukaenda nyumbani, na hukuitwa tena mpaka siku ya kurudisha sare. Aliwajua walioambiwa hivyo kwa majina. Akavuta pumzi.

"Anasema anashukuru sana, bosi. Anasema ni uchovu kidogo tu, wa kukaa bila kazi."

Wanyoike aliweka kikombe chake chini. "Hayo yote aliyosema ndiyo hayo?"

"Kikamba ni lugha ndefu, bosi."

"Aha." Meneja akakuna kidevu. "Nauliza kwa sababu kama ningekuwa na mgonjwa hapa ningelazimika kufikiria mengine. Kuna nafasi nyingine. Lakini mimi sina mgonjwa, nina muujiza. Basi vizuri. Jumatatu asubuhi, godauni, kwa makatoni. Wenzako wamechoka kukubebea."

Kathini alihisi kitu kimempita mkononi akakosa kukishika. Kuna nafasi nyingine, alisema. Lakini mtu ataanzaje kumgonjesha mume aliyemponya dakika moja iliyopita? Akasema asante, akainama, Muoki akainuka, wakatoka.

Walitembea hadi nyuma ya ukuta wa kiwanda. Hapo Muoki akasimama. Safari hii hakutoa simu.

"Nafasi gani nyingine?" akauliza kwa Kikamba.

Kathini alishtuka. "Ulisikia?"

"Mama Tiffany, nimepoteza maneno. Sijapoteza masikio." Alizungumza bila hasira, na hilo likamuumiza Kathini kuliko angepigiwa kelele. "Kiswahili nakisikia chote. Nimekusikia kwa Adoyo. Nimekusikia kwa vijana wa langoni. Nimekusikia leo. Kila mahali unaniponya, halafu ninarudi nyumbani kuugua peke yangu."

"Nilitaka wasikufute kazi."

"Jumatatu nitajifuta mwenyewe, pale chini ya makatoni."

*

Jumamosi mchana Muoki aliamua kujipima. Alimtuma Tiffany dukani, akaujaza mtungi wa lita ishirini bafuni, akaushika kwa mikono miwili autoe hadi jikoni, mwendo ambao mtoto anautambaa. Kathini alikuwa anakunja nguo alipousikia mtungi ukianguka. Alimkuta mumewe amekaa chini kwenye maji, mgongo ukutani, midomo imegeuka rangi ya majivu. Alikuwa anatazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Maji yakapita chini ya mlango, yakashuka ngazi, na kutoka chini keteka, mtunza jengo, akapiga kelele kuuliza ni nani huyo anamwaga maji kama ana kisima.

"Ni bahati mbaya!" Kathini akajibu kutoka mlangoni. "Tuko sawa!"

Kisha akarudi, akakaa kwenye maji kando ya mumewe, akalia. Muoki alingoja amalize, maana hakuwa na pumzi ya kumbembeleza.

Jioni Kathini alikwenda kwa mchungaji. Alimkuta Mchungaji Kivuva amepanda ngazi ya mbao anafunga vitambaa jukwaani kwa ajili ya kesho, huku Kasiva akimshikia.

"Pasta, huo ushuhuda wa kesho. Baba Tiffany hajisikii vizuri."

"Shetani huyo. Ukikaribia ushindi lazima akutingishe."

"Pasta, hata mtungi wa maji hawezi."

Mchungaji akashuka. Alikuwa mtu mwema, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Dada yangu Kathini. Usikiri ugonjwa. Kinywa chako ndicho kilichonipigia simu kikasema kabisa. Nilikuuliza kabisa? ukasema kabisa. Askofu Wekulo anatoka Kakamega na usiku huu yuko njiani, kwa sababu ya hilo neno. Wale kina mama walikesha. Niwaambieje? Kwamba tuliomba nusu?"

Deni la unga unaweza kulipa kidogokidogo. La maombi hujui uanzie wapi.

"Naye atatoa ushuhuda kwa Kikamba," mchungaji akaongeza, akimpigapiga bega. "Wewe si upo? Litakalopungua, utalijaza."

*

Jumapili kanisa lilifurika mpaka watu wakakaa juu ya masanduku ya soda. Askofu Wekulo, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alikaa mbele kwenye kiti chenye kitambaa cheupe. Kando yake alikaa Bwana Wanyoike na tai yake, na mbele yao sabuni za wajane zimepangwa mnara. Kati ya hao wawili hakuna aliyejua Kikamba hata cha kuombea maji. Kanisani kwa jumla, nusu walikijua na nusu hawakukijua.

Muoki alipoitwa, kinanda kikalia, vigelegele vikapaa. Jukwaa lilikuwa na ngazi chache tu. Alizipanda, akafika juu, akawa hana pumzi. Alitazama kulia na kushoto akitafuta pa kukaa. Tiffany, aliyekuwa safu ya pili, aliinuka na kiti chake cha plastiki akakinyanyua kukipitisha mbele.

"Hapana, hapana, binti!" Mchungaji Kivuva akasema kwa kipaza sauti, akicheka. "Aliyeponywa haketi! Si kweli, kanisa?"

"Kweli!" kanisa likaitika, na kiti kikarudi.

Kathini akasimama kando ya mumewe na kipaza sauti cha pili. Jukwaani hakuwa anasema "anasema". Mkalimani wa kanisa husema "mimi"; anayavaa maneno ya mwenzake kama joho. Alikuwa amevaa maneno ya wahubiri wakubwa bila kutetemeka. Leo leso ilikuwa imeloa kabla ya kuanza, na safari hii jasho lilikuwa lake.

Muoki alianza kwa Kikamba. "Nawashukuru. Nilikuwa mtu wa kufa. Mliomba, na mimi nikarudi."

"Nawashukuru!" Kathini akapaza. "Nilikuwa mtu wa kufa! Mliomba, na mimi nikarudi!"

Kanisa likalipuka. Kina mama waliokesha walikumbatiana, na mmoja akalia kwa kweli, na lile lilikuwa jambo zuri kuliona. Muoki naye alilengwalenga na machozi. Akangoja kelele zitulie. Kisha akasema, kwa sauti ileile:

"Lakini sijapona."

Nusu ya kanisa ilinyamaza ghafla. Nusu nyingine ilikuwa bado imeinua mikono, ameni zao mdomoni, wakimngoja Kathini awape ruhusa. Askofu alimtazama Kathini akitabasamu. Meneja alimtazama Kathini. Mchungaji Kivuva, mzaliwa wa Kitui aliyeelewa kila silabi, alimtazama Kathini kuliko wote, na macho yake yakamwambia waziwazi: jaza.

"Pumzi sina," Muoki akaendelea. "Kichwa changu kina ukungu. Kesho nimeitwa kwa makatoni, na nikiyainua nitaanguka. Bosi yuko hapa. Mwambie."

Kathini akainua kipaza sauti. Kinywa chake kilikuwa na mazoea yake, na kama punda ajuaye njia ya nyumbani, kikaenda.

"Na hata kesho," kikasema, "ninarudi kazini kwa nguvu za Bwana!"

Ameni za ile nusu zikaanguka kama mvua ya mawe juu ya bati. Ile nusu ya Kikamba ikatazamana. Bibi mmoja mzee, yuleyule wa mbuzi, akatikisa kichwa.

Muoki akamgeukia mkewe. Hakukasirika. Alikuwa anatafuta. Watu wote waliona anatafuta, uso umekunjamana, jicho moja limefumbwa, kama mtu anayepapasa sarafu kwenye bitana ya koti. Alipekua Kiswahili chake chote kilichobakia, akapata neno moja, akalileta kwenye kipaza sauti.

"Hapana," akasema.

Hilo halikuhitaji mkalimani. Ameni zikakatika. Kijana wa kinanda akainua vidole.

Kathini alimtazama mumewe, akaona midomo ile ya rangi ya majivu inaanza tena. Akamwona Jumatatu, amelala godauni na watu wamemzunguka, na yeye mwenyewe Kathini amesimama juu yake anawaambia watu yuko sawa. Akafuta uso. Kisha akakalimani, bila kupamba, kama alivyofundishwa kabla hajawa hodari.

"Mimi," akasema, na sauti haikuwa ya jukwaani tena, "nimepona kufa. Kuugua, bado sijapona. Pumzi sina. Kichwa changu kina ukungu. Kesho nimeitwa kwa makatoni, na nikiyainua nitaanguka. Bosi yuko hapa." Alimgeukia Wanyoike. "Bosi, Alhamisi ofisini nilikuambia haya haya. Hukuyapata."

Kwa kitambo kidogo kanisa halikujua ni nani kati yao wawili aliye mgonjwa. Halafu kutoka nyuma kabisa, mzee mmoja asiyesikia vizuri, aliyezoea kwamba Kathini akinyamaza ni zamu yake, akaitika, "Ameni!"

Mchungaji Kivuva alikuwa mchungaji kwa sababu hakuwahi kuacha ameni ipotee. Aliruka jukwaani akanyakua kipaza sauti. "Mmesikia? Amepona kufa! Nani mwingine hapa amepona kufa?" Kinanda kikaingia, mikono ikapanda, na kabla ya Askofu Wekulo kuelewa kilichotokea, alikuwa anaombwa atangaze kwamba Wiki ya Uponyaji imeongezwa wiki nyingine. Katika makelele hayo Tiffany alipanda na kile kiti cha plastiki. Hakuna aliyemzuia. Muoki akakaa.

*

Baada ya ibada Kasiva alimjia Kathini taratibu akamwomba kipaza sauti. Alisema Pasta amependekeza apumzike kidogo kwenye huduma ya ukalimani. "Tutakuita," akamwambia. Kathini alilitambua lile neno, akampa kipaza sauti.

Bwana Wanyoike aliwangoja kando ya gari lake. Kathini alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata akamtanguliza Tiffany aende nyumbani asije akayasikia.

"Mama," akasema meneja, "Alhamisi ulinidanganya."

"Ndiyo, bosi."

"Angeniangukia pale godauni. Ningeambiwa mimi ndiye niliyemuua, na bango lile liko pale linashuhudia alikuwa mzima. Unajua kesi kama hiyo inaishaje?" Alikuwa amekasirika kikweli, na huruma yake, kama ilikuwepo, ilikuwa imepakiwa chini ya hasira. Akamgeukia Muoki. "Muthama wa getini anastaafu mwisho wa mwezi. Kuna kiti pale, na kibanda. Mshahara wa getini unaujua, haufiki wa godauni. Wanaokuja kuiba sabuni wote wana hadithi ndefu. Mimi sihitaji mtu mwenye maneno mengi pale. Getini kazi ni neno moja tu, na leo nimesikia unalo."

Muoki alifikiri. "Hapana," akasema polepole, akilijaribu.

"Hilohilo," akasema Wanyoike. "Mpaka mwezi uishe kaa nyumbani. Na siku ya kuanza usije na mkalimani."

Akaingia garini. Walibaki wamesimama chini ya bango. Juu yao Muoki mwingine alikuwa bado ameinua mikono, anangoja sweta. Kathini alisikia kicheko kikimpanda, kikafika kooni kikageuka kitu kingine, akajifanya anatafuta leso.

Mshahara wa getini ungemaanisha kuhama ghorofa, pengine kuhamia mtaa wa Kware au wa Huruma, chumba kimoja. Hayo waliyajua wote wawili. Walitembea polepole. Vijana wa langoni walikuwa wameshapata habari, maana Baba Dogo habari hazipandi ngazi, huruka.

"Mzee wa bango," mmoja akaanza, kisha akashusha sauti. "Pole, mzee," akamalizia.

Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Kwenye kona ya tatu Muoki akasimama, mkono ukutani, kifua kikihangaika. Mkono mwingine ukaenda mfukoni, kwa mazoea, kutafuta simu. Kathini akaushika ule mkono, akauteremsha.

Adoyo aliinua macho kutoka kwenye mandazi yake. "Mama Tiffany, mzee anaendeleaje?"

Kinywa cha Kathini kilifunguka, tayari. Akakifunga.

"Yuko hapa," akasema. "Muulize mwenyewe."

Adoyo akashangaa kidogo. Akafuta mikono kwa aproni, akamgeukia Muoki, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitalini.

"Mzee, unaendeleaje?"

Muoki alitafuta. Mafuta yalichemka, andazi moja likaanza kuungua upande mmoja, na hakuna aliyeligusa. Kathini alijiuma midomo ili lisimtoke neno.

"Bado," Muoki akasema.

"Haya," akasema Adoyo. Akaingia ndani, akatoka na kigoda.